Fungueni habu mwezi wa tano

Anayepita mara kwa mara barabara ya Songea kwenda Makambako anayajua matawi yale. Yamekatwa mabichi na kupangwa lamini moja baada ya jingine, kumwonya anayekuja kwamba mbele kuna gari bovu. Ukipunguza mwendo unaikuta pikapu imeinama upande, kona yake ya mbele imekaa juu ya jiwe, tairi limelazwa kando, na nyuma magunia yamefunikwa turubai. Dereva yuko kivulini na simu sikioni. Utingo yuko juu ya mzigo analinda. Fundi kapanda bodaboda kurudi mjini kutafuta beringi.

Naiona hali hii zaidi mahindi yanapoanza kutoka mashambani, na ukiuliza kilichotokea, jibu ni lile lile: beringi imekata bila taarifa. Siamini. Beringi ya mbele hulia wiki nyingi kabla ya kukata. Hupasha moto habu, yaani kitovu cha tairi, hutikisa usukani, hulifanya tairi liliwe upande. Mara nyingi ilianza kufa miezi mingi nyuma, siku maji yalipoingia ndani yake na mwenye gari asifungue kuangalia.

Msimamo wangu ni huu. Kila mwenye pikapu ya kuvuta kwa tairi za nyuma hapa mkoani Ruvuma afungue habu zote mbili za mbele kila mwaka, mwezi wa tano, azioshe, azikague, aweke grisi mpya na sili mpya. Iwe beringi imelia au haijalia. Mwezi wa tano kwa sababu mvua zilizoanza Novemba au Desemba zinakuwa zimekatika, maji na matope yamekwisha kufanya uharibifu wao, na msimu wa kubeba mavuno bado haujapamba moto. Ukingoja mwezi wa nane umechelewa. Ukifungua mwezi wa kwanza, maji mengi ya masika bado yanakusubiri.

Tairi zisizovuta

Sisi si wazembe kwa kila kitu. Oili ya injini tunabadilisha kwa kuhesabu kilomita. Tairi likiisha kashata tunahangaika. Betri ikichoka tunajua asubuhi ile ile. Lakini habu ya mbele imejificha nyuma ya kofia ndogo ya bati, haina taa kwenye dashibodi, na kwa pikapu ya kuvuta nyuma kuna imani iliyozoeleka kwamba tairi za mbele zinafuata tu. Hazivuti gari, kwa hiyo hazichoki. Mwenye gari linalovuta kwa tairi zote nne huambiwa na kila mtu kwamba mbele kwake kuna mambo mengi ya kuangalia. Mwenye pikapu ya kawaida huambiwa amepona.

Hajapona. Injini imekaa mbele. Usukani unageuza tairi za mbele. Na dereva anapokanyaga breki, uzito wa gari husogea mbele, hivyo sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari inafanywa na tairi zile zile tunazosema hazina kazi. Teremka Lukumburu ukiwa na tani moja ya mahindi nyuma, yaani magunia 10 ya kilo 100, na wengi wetu tunajua pikapu zetu hazibebi 10 tu. Kila kona inausukuma mzigo upande, kila breki inausukuma mbele, na diski ya breki inayochemka imefungwa kwenye habu ile ile yenye beringi ndani yake.

Ndani ya kila habu mna beringi mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Rola zake si za mviringo ulionyooka. Zimechongwa zikapungua upande mmoja, na beringi hizo mbili zinatazamana. Umbo hilo ndilo linalozifanya zibebe uzito kutoka juu na wakati huo huo zihimili msukumo wa pembeni gari linapokata kona. Aliyelipatia hataza mwaka 1898 ni Henry Timken, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani. Magari yale yalikuwa yakipinda kona na mzigo mzito, na beringi za wakati ule zilikuwa zinakwama. Mwaka huo huo wa 1898 Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho, iliyokuja kuwa na karakana zilizofundisha ufundi vijana wengi wa kusini. Kwa hiyo ujuzi huu si mgeni kwetu. Vijana wa Peramiho na wa chuo cha ufundi cha VETA Songea wanaujua. Kinachokosekana ni mwenye gari kuwapelekea kazi kabla tairi halijalala.

Maji yanavyoingia

Watu wengi hudhani maji huingia kwenye habu kwa sababu mto ni mkubwa. Sababu hasa ni joto. Umetoka mbali, umeshuka milima, umekanyaga breki, habu imepata moto na hewa iliyomo ndani imetanuka. Kisha ghafla unaingia kwenye kijito njia ya Muhukuru, au dimbwi refu barabara ya vumbi ya kwenda kijijini Wino. Chuma kinapoa mara moja, hewa ya ndani inasinyaa, na habu inavuta ndani chochote kilichoko nje kupitia mdomo wa sili. Sili mpya huzuia. Sili iliyokauka, yenye umri wa miaka minane, hupitisha maji pamoja na mchanga laini uliomo.

Jambo hilo hilo hutokea mjini pasipo mto. Dereva anarudi kutoka Mbinga, anapitiliza moja kwa moja hadi kwa waosha magari, na kijana anaelekeza bomba la maji ya presha katikati ya rimu ili gari ling'ae. Gari linang'aa. Ndani ya habu grisi imeanza kuwa nyeupe kama uji, na grisi ya namna hiyo haiwezi tena kutenganisha chuma na chuma. Kutu huanza kwenye rola gari likiwa limeegeshwa usiku, hasa yale yanayolala siku kadhaa yakisubiri mzigo. Ningependa kuwaambia vijana wa kuosha magari: acheni gari lipoe kwanza, na msilenge maji ya presha katikati ya tairi.

Kuna hoja ninayoisikia sana kwamba sasa tuna lami, kwa hiyo mambo haya ni ya zamani. Kweli, lami ya Makambako tunayo tangu miaka ya 1980, na baadaye zikaja lami za Namtumbo, Tunduru na Mbinga, na hatimaye zile kilomita 66 kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay. Ninazishangilia kama mwananchi mwingine yeyote. Lakini mzigo hauanzii kwenye lami. Unaanzia shambani, njia ya vumbi na matope, halafu unaingia kwenye lami, na hapo dereva anaongeza mwendo. Beringi iliyojeruhiwa ambayo ingekwenda taratibu kwenye makorongo sasa inazungushwa kwa kilomita 80 kwa saa. Tairi likitoka kwenye njia ya shamba, gari linakaa chini na watu wanashuka. Likitoka kwenye lami, mbele ya basi linalotoka Njombe, je, nani anashuka?

Kazi ya nusu siku

Naieleza kazi yenyewe, kwa sababu mwenye gari asiyejua kinachofanyika hawezi kujua kama kimefanyika.

Gari hupandishwa jeki mahali pagumu na tambarare, tairi za nyuma zikiwa zimezuiwa kwa mawe au magogo, na chini ya chesisi kukiwa na stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, hata kwa dakika tano. Kabla ya kufungua chochote, fundi hushika tairi juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likicheza, mwenzake akanyage breki, naye ajaribu tena. Mchezo ukiisha wakati breki imekanyagwa, tatizo liko kwenye beringi. Ukibaki, atazame boljointi na jointi nyingine za mguu wa mbele. Jaribio hili halichukui hata dakika mbili, na linaweza kumwokoa mtu asinunue beringi ambazo hazihitaji. Kisha alizungushe tairi kwa mkono na kusikiliza. Beringi nzima huzunguka kimya, mbovu husaga.

Baada ya tairi hutoka kaliperi ya breki, nayo hufungwa kwa waya kwenye chesisi, isiachwe ikining'inia kwenye mpira wake wa mafuta ya breki. Halafu kofia ya habu, kotapini, nati, washa na beringi ya nje, ndipo habu nzima ivutwe pamoja na diski. Nyuma yake iko sili, na nyuma ya sili beringi kubwa. Vyote vioshwe kwa mafuta ya taa au dizeli mpaka grisi ya zamani iishe kabisa, vifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, vikauke. Fundi asiizungushe beringi kavu kwa upepo wa kompresa. Ule mlio huwafurahisha wanagenzi, lakini unaiumiza beringi na unaweza kurusha rola usoni mwa mtu.

Sasa ndipo pa kuangalia. Rola zote ziwe na mng'ao ulio sawa. Ukiona vishimo vidogo, michirizi, madoa ya kutu au rangi ya bluu ya chuma kilichoungua, beringi hiyo imekwisha, pamoja na kikombe chake kilichobanwa ndani ya habu. Huwezi kubadilisha beringi ukaacha kikombe cha zamani. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu kutoa kikombe kunahitaji kugongwa kwa uangalifu pande zote, na kazi hiyo inachosha. Beringi mpya juu ya kikombe chenye vishimo itarudi gereji haraka.

Grisi nayo ina mambo yake. Iwe ya litiamu, namba 2, inayohimili joto la breki za diski, na isichanganywe na grisi nyingine iliyokuwamo, maana grisi za aina tofauti zikikutana zinaweza kulainika na kutiririka. Huwekwa kiganjani, kisha beringi hukandamizwa kwenye kiganja upande wake mpana mpaka grisi itokeze upande wa pili, kati ya kila rola na mwenzake. Hiyo ndiyo kupiga grisi. Kuna huduma nyingine inayoitwa kwa jina hilo hilo ninayoipinga kwa nguvu zote: kung'oa kofia, kujaza grisi mpya kwenye kofia, kuirudisha, na kudai malipo. Grisi ya kwenye kofia haifiki kwenye beringi ya ndani. Mwenye gari ameondoka akiamini ametengenezewa, na imani hiyo itampa ujasiri wa kupakia.

Mwisho ni kukaza nati, na hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Anaikaza kwa spana huku habu ikizungushwa huku na huku ili rola zikae mahali pake, kisha anailegeza, halafu anaikaza tena kidogo kwa kipimo cha kitabu cha gari husika. Ikikazwa kupita kiasi, beringi huungua. Ikiachwa ikilegea, tairi huyumba na sili huliwa upande. Kotapini iwe mpya kila mara. Nimeona misumari na vipande vya waya wa kufungia nondo vikitumika mahali pa kotapini, na hapo ndipo tunapouchezea uhai wa watu kwa kitu kinachouzwa bei ya pipi.

Vitabu vingi vya pikapu za aina hii hutaja kazi hii kwenye kilomita 40,000 hadi 50,000. Kwa gari la mizigo linalokata mito na vumbi la Ruvuma, kalenda ni mwongozo bora kuliko kilomita, tena spidomita za magari mengi yetu zilikwisha kulala zamani.

Boksi zuri, beringi mbovu

Watu huniambia: nilibadilisha beringi mwaka jana, ikafa tena. Naamini. Soko la spea lina bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani imepewa na sheria jukumu la kupambana nazo, lakini Tume haiwezi kusimama kwenye kila duka la Songea, Mbinga na Tunduru. Mnunuzi anayo ya kufanya. Aende dukani na beringi yake ya zamani mkononi. Namba iliyochongwa kwenye chuma ilingane na ya zamani, na ilingane na ya kwenye boksi. Aombe risiti. Aikatae beringi ambayo maandishi yake yanafutika kwa kidole au yenye ukungu wa kutu ndani ya karatasi yake. Rahisi ghali, walisema wazee, na beringi ya bandia ni ghali mara mbili: unalipa dukani, kisha unalipa tena barabarani, safari hii pamoja na habu iliyoliwa na ekseli yake fupi iliyochubuka. Ekseli hiyo ikichubuka, fundi wa kuchomelea atakuambia anaweza kuijaza. Mwambie hapana. Chuma kinachobeba tairi la usukani hakistahili kubahatishwa kwa moto wa kuchomelea.

Hesabu ya bosi

Nimefika penye kiini. Wenye magari wengi wanajua haya, au wangeyajua kwa nusu saa ya kukaa na fundi. Kwa nini basi hayafanyiki?

Kwa sababu pikapu nyingi zinazobeba mizigo si za wanaoziendesha. Kuna bosi, kuna dereva, na kati yao kuna hesabu, yaani kiasi ambacho dereva hupeleka kila siku au kila wiki. Dereva ndiye anayesikia beringi ikilia. Lakini akisema, gari litalala gereji nusu siku au siku nzima, hesabu itamsubiri pale pale, na huenda akaulizwa kwa nini ameliharibu gari. Anaongeza sauti ya redio. Bosi naye haliendeshi. Anaona gari limeoshwa na hesabu imefika, anajua mambo ni mazuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa anayeficha amefundishwa kuficha na mpango wenyewe. Siwezi kumlaumu dereva peke yake wakati ukweli wake unamgharimu mlo wa jioni.

Na anayelipa mwisho wa yote si bosi wala dereva. Ni mama wa Mpitimbi aliyekodi nusu ya pikapu kupeleka mahindi yake sokoni au kwenye kituo cha NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambaye sasa lazima akodi gari la pili na kuwalipa vijana wa kushusha na kupakia upya. Ni mchuuzi wa samaki wabichi kutoka Mbamba Bay ambaye barafu yake inayeyuka kando ya barabara. Ni familia iliyomlaza mgonjwa nyuma ya pikapu ili wawahi Hospitali ya Peramiho. Ni mkulima ambaye, akiwa amekwama na magunia yake jioni, anapata mnunuzi wa kwanza anayesimamisha gari, na mnunuzi huyo anaijua shida yake na kuipangia bei. Mahitaji ya shule ya mtoto anayekwenda kidato cha tano yalikuwa ndani ya tofauti ile ya bei.

Kwa hiyo ninayotaka ni mambo mahususi. Bosi asamehe hesabu ya siku moja kila mwezi wa tano, na siku hiyo iitwe siku ya habu. Anunue mwenyewe sili, grisi na kotapini, na awepo fundi anapofungua, aone rola kwa macho yake. Tarehe iandikwe kwa rangi ndani ya mlango wa dereva. Baada ya safari ya kwanza, dereva asimame mahali salama, asogeze mkono karibu na kila habu: zote mbili ziwe na uvuguvugu unaofanana. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake na breki yake haikamati, arudi gereji siku hiyo hiyo bila kulipia tena, na mapatano hayo yafanywe na fundi kabla ya kazi kuanza.

Anayekodi naye ana nguvu asiyoitumia. AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima vinavyokusanya ufuta, soya, kahawa na korosho, hukodi magari mengi kwa wakati mmoja, na kabla ya kupakia huuliza bei, huuliza turubai, huuliza leseni. Waongeze swali moja: habu zimefunguliwa lini? Wafungue mlango wa dereva wasome tarehe. Gari lisilo na tarehe lisubiri, lipakiwe lenye tarehe. Msimu mmoja wa kuachwa nyuma kwenye foleni ya mizigo utamfikisha bosi gereji haraka kuliko makala yangu yoyote.